Amani Ilianzia Sokoni: Dekha Ibrahim Abdi na Somo Ambalo Sisi wa Meru na Embu Tumelikalia

Muulize kijana yeyote wa Meru au Embu akutajie mwanamke Mkenya aliyepata jina kwa kupigania amani. Atakwambia Wangari Maathai kabla hujamaliza swali. Sasa mwombe akutajie wa pili. Hapo ndipo utasikia, "Eeh... ngoja kidogo."

Leo nataka tuongee kuhusu huyo wa pili. Anaitwa Dekha Ibrahim Abdi. Alizaliwa Wajir mwaka wa 1964, akafariki Julai 2011. Katikati ya miaka hiyo 47 alisaidia kuzima vita vya koo vilivyokuwa vimeishinda serikali. Alifundisha usuluhishi katika nchi nyingi, akapewa tuzo ya Right Livelihood ambayo watu huiita Nobel mbadala, na nchi ilipowaka baada ya uchaguzi wa 2007 alikuwa miongoni mwa watu wachache walioanza kutafuta maji kabla ya wageni kufika. Ukienda Ulaya kwenye vyuo vinavyofundisha mambo ya amani, jina lake liko vitabuni. Ukishuka hapa Makutano au Embu mjini ukalitaja, watu wanakuuliza kama ni mwanasiasa.

Najua swali lako: wewe wa huku mlimani, mambo ya Wajir yanakuhusu nini? Yananihusu, na wewe pia yanakuhusu. Kutoka Meru mjini hadi Isiolo ni mteremko wa kilomita kama hamsini tu, na pale Isiolo ndipo barabara ya kwenda Wajir inapochomoka. Miraa ya Nyambene hulala Maua ikaamkia Wajir. Viazi, ndizi na mboga zetu zinaliwa huko, na mbuzi wa huko wanachomwa huku. Sisi na wao ni majirani wa soko moja. Tena, kamati za amani tunazozisikia zikitajwa na machifu wetu kila ng'ombe wakiibwa mpakani, chimbuko lake kubwa ni kazi ya Dekha na wenzake. Tumechukua chombo chao tukaacha maelezo ya kukitumia.

Wajir kabla ya Dekha

Huwezi kumwelewa huyu mama bila kuelewa alikozaliwa. Kaskazini Mashariki iliingia uhuru ikiwa vitani. Vita vya Shifta vilianza 1963, na hata vilipokwisha mwaka wa 1967, sheria ya hali ya hatari haikuondolewa. Iliendelea mpaka 1991. Hebu fikiria hiyo. Wakati sisi huku tunaimba nyimbo za Madaraka na kulipwa bonasi za kahawa na majani chai, Mkenya wa Wajir alikuwa akiishi chini ya sheria ambayo ingeweza kumfungia bila kesi.

Februari 1984 ikaja Wagalla. Wanajeshi walikusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawafungia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, siku kadhaa juani bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali kwa miaka mingi ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Walionusurika wanasema ni maelfu. Dekha alikuwa msichana wa karibu miaka ishirini wakati huo.

Kisha mambo matatu yakaja kwa mpigo. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka kule Somalia, wakimbizi wakavuka mpaka, na bunduki zikavuka nao. Ukame ukaua mifugo, visima vikawa vya kugombaniwa. Halafu uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 ukaja na hesabu za ukoo gani una kura ngapi na nani ni mgeni kwa nani. Waajuran, Wadegodia na Waogaden wakaanza kuuana. Walimu na wafanyakazi wa serikali waliotoka sehemu nyingine za nchi wakakimbia. Kijiji kikivamiwa usiku huu, kingine kinalipiza kesho.

Dekha alisimulia mara nyingi usiku mmoja wa wakati huo. Risasi zilikuwa zikipita nje, naye amejificha chini ya kitanda na mtoto wake. Asubuhi alipoongea na mama yake, akaambiwa jambo lililomkaa moyoni: miaka ya sitini naye alifichwa vivyo hivyo akiwa mtoto mdogo. Yaani kizazi kimoja kilikuwa kimepita na kitanda kilikuwa bado ndicho serikali ya pekee inayomlinda mtoto wa Wajir. Hapo ndipo alipoamua kwamba mtoto wake hatakuja kumficha mjukuu wake chini ya kitanda hicho hicho.

Walichokifanya hasa

Watu wakisikia "mwanamke mpigania amani" wanafikiria maandamano, fulana nyeupe na njiwa. Kilichotokea Wajir ni kazi ya mikono, na hatua zake zinaweza kufuatwa na mtu mwingine.

Ilianza kwa mazungumzo ya wanawake wachache waliokutana harusini. Walikuwa wa koo tofauti, wengine wasomi wenye kazi za ofisi, wengine wachuuzi. Dekha alikuwa mmoja wao. Hakuwa peke yake, na yeye mwenyewe hakupenda hadithi isimuliwe kana kwamba alikuwa peke yake. Wakatazama mahali ambapo vita vilikuwa vinawauma kila siku, wakaona ni sokoni. Mwanamke wa ukoo huu alikuwa hauziwi maziwa na mwanamke wa ukoo ule. Wengine walizuiwa kabisa kukanyaga soko. Na soko likigawanyika, mji mzima umegawanyika, maana hapo ndipo maneno yanapochemkia kabla ya bunduki kutolewa.

Basi wakaanza hapo. Waliweka sheria kwamba soko ni la kila mwanamke, wa ukoo wowote, kuuza na kununua. Halafu, na hili ndilo lenye uzito, wakaweka kamati ya kuangalia kama sheria inafuatwa, kila siku. Likitokea neno baya, ugomvi wa bei au mtu kusukumwa, kamati inaingia siku hiyo hiyo. Hawakungoja tukio liwe habari.

Kwa ndani walikuwa na mtihani wao. Kila aliyetaka kujiunga aliulizwa: ukoo wangu ukimuua ndugu yako kesho, bado utakaa na mimi kufanya kazi hii? Kama huwezi kusema ndiyo, usiingie. Jiulize ni kamati ngapi za amani katika kaunti zetu zimewahi kumuuliza mwanachama swali kama hilo kabla ya kumpa posho ya kikao.

Soko lilipotulia walijua haitoshi. Aliyeshika bunduki ni kijana, na anayempa ruhusa ni mzee. Kwa hiyo wakawaleta vijana, kisha wakawaendea wazee. Na hapa ndipo naona akili ya hali ya juu. Hawakwenda kwa wazee wa koo zilizokuwa zinapigana wakawaomba wakae meza moja. Waliwatafuta wazee wa koo ndogo, ambao hakuna aliyewaogopa, hao ndio wakaitisha kikao na kukisimamia. Wafanyabiashara wa mji wakaombwa wachange. Septemba 1993 wazee wakatoa makubaliano yaliyoitwa Azimio la Al Fatah. Yakaeleza namna ya kuishi, namna ya kurudisha mali, na namna ya kulipa dia, ile fidia ya damu, ili mauaji yasijibiwe kwa mauaji.

Baadaye wakaunda kikosi cha kwenda haraka: mzee, mwanamke, sheikh, kijana na mtu wa usalama ndani ya gari moja. Habari ikija kwamba ngamia wameibwa mahali fulani, wanaondoka kabla walioibiwa hawajajikusanya. Mwaka wa 1995 haya yote yakaunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ikaingizwa ndani ya kamati ya maendeleo ya wilaya, Dekha akawa katibu wake. Yaani kitu kilichoanzia kwenye meza ya maziwa kikapata faili ofisini kwa mkuu wa wilaya.

Mwaka wa 1998 ulipokuja mvutano kati ya Waislamu na Wakristo hapo Wajir, Dekha hakujificha nyuma ya wingi wa Waislamu wenzake. Alirudia kazi ile ile, sasa kwa dini badala ya koo. Na hakuacha dini yake mlangoni ili aonekane wa kisasa. Alikuwa Mwislamu wa kujitanda vizuri aliyeitumia Qurani kuuliza watu swali la ndani: kabla ya kumchambua adui, umeichambua nafsi yako?

Kutoka Wajir hadi Stockholm, na kurudi Serena

Kuanzia hapo jina likaanza kusafiri. Alifundisha na shirika la Responding to Conflict la Birmingham, Uingereza, akashiriki kuujenga muungano wa wapatanishi wa Afrika uitwao COPA. Mwaka wa 2000 alikuwa mmoja wa waandishi wa kitabu *Working with Conflict*, ambacho wakufunzi wa usuluhishi wanakitumia duniani mpaka leo. Kumbuka kwamba ndani ya kitabu hicho cha kimataifa kuna akili ya mama wa soko la Wajir.

Mwaka wa 2007 akapewa Right Livelihood, na Desemba akaenda Stockholm kupokea tuzo. Mwezi huo huo, tarehe 27, tukapiga kura. Unajua yaliyofuata. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Sisi huku mlimani wengi tunakumbuka jamaa waliofika usiku kutoka Bonde la Ufa na godoro moja.

Kofi Annan ndiye tunayemkumbuka. Na ni haki yake, aliwafikisha Kibaki na Raila kwenye sahihi ya Februari 28, 2008. Lakini kabla Annan hajatua Nairobi, mwaka ukigeuka, watu watano walikuwa tayari wamekutana katika hoteli ya Serena wakaanzisha Concerned Citizens for Peace: Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali mstaafu Daniel Opande, Jenerali mstaafu Lazarus Sumbeiywo, George Wachira, na Dekha. Wanaume wanne, wawili kati yao majenerali, na mama mmoja wa Wajir. Milango ilikuwa wazi kila asubuhi kwa yeyote mwenye habari au wazo. Dekha alisaidia kuchora ramani ya nchi kwa maeneo yenye moto na maeneo yaliyopoa, wakitumia meseji za simu kujua nini kinapikwa wapi. Ukiangalia vizuri, ni ile kamati ya soko iliyokuwa ikiangalia kila siku, sasa imepanuliwa hadi nchi nzima.

Makubaliano ya 2008 yalipotaka kamati za amani ziundwe katika wilaya zote, siyo zile za wafugaji pekee, ndipo chombo cha Wajir kilipoingia Meru na Embu rasmi. Hiyo ndiyo sababu nasema tunatumia kitu chake kila siku bila kujua.

Mwaka wa 2009 Wajerumani walimpa Tuzo ya Amani ya Hesse. Julai 2011, akiwa safarini kuelekea Garissa, gari lao likapata ajali. Mumewe na dereva walifariki. Yeye alifariki Nairobi tarehe 14 mwezi huo. Oktoba mwaka huo huo, Leymah Gbowee wa Liberia alitajwa mshindi wa Nobel ya Amani, kwa kazi ya kuwaunganisha akina mama wa Kikristo na Kiislamu, wengi wao wachuuzi wa sokoni, mpaka wapiganaji wakakaa mezani. Nilipoisoma hadithi ya Liberia mara ya kwanza nilijiambia: hii naijua, hii ilishafanyika Wajir miaka kumi kabla.

Kwa nini jina lake ni zito nje na jepesi nyumbani

Sababu ya kwanza iko wazi. Ni mwanamke, Msomali, Mwislamu, wa kaskazini. Kila moja ya hizo ni ngazi moja chini katika namna Kenya inavyogawa ushujaa. Vitabu vyetu vya historia vilipanda mlima na kushuka ziwani. Kaskazini viliiachia ramani na ukame.

Ya pili inauma zaidi. Kazi ya amani ikifaulu haionekani. Aliyepigana ana kovu la kuonyesha. Aliyezuia vita anaonyesha nini? Kijiji ambacho hakikuchomwa? Ng'ombe ambao hawakuibwa? Mwanasiasa anayekuja siku ya tatu na helikopta ndiye anayepigwa picha.

Ya tatu ndiyo ninayotaka tuigombanie. Tumezoea kumpa mwanamke wa amani sifa mahali pa kiti. Tunamwita afungue mkutano kwa maombi, tunampa leso, tunamwita "mama wa amani", halafu mambo ya mpaka yanapojadiliwa anaambiwa akasaidie jikoni. Dekha alishinda kwa sababu hakuridhika na sifa. Alihakikisha kwamba ndani ya gari lile la kikosi cha haraka mwanamke ana kiti chake, na ndani ya kamati ya wilaya jina lake limeandikwa.

Sasa turudi nyumbani

Sisi hatuko salama kiasi cha kusema haya hayatuhusu. Mpaka wa Meru na Isiolo haujatulia. Taja tu Ngaremara mbele ya mtu wa pande zote mbili uone sura zao. Tigania na Igembe wanajua wizi wa mifugo ni nini, na wanajua mazishi yanayoufuata. Mpaka wetu na Tharaka umekula watu. Embu nao wana ardhi ya Mwea kule Mbeere Kusini, ambayo jamii kadhaa zimeivutana miaka na miaka.

Kila moto ukiwaka, tunafanya nini? Tunaita wazee. Njuri Ncheke inatoa kauli kutoka Nchiru, viongozi wanapeana mikono, kamera zinaondoka. Mimi naiheshimu Njuri Ncheke. Ni hazina, na kuna makabila yanayotamani yangebaki na baraza kama hilo. Lakini historia yetu wenyewe ina somo kuhusu uamuzi wa wazee peke yao.

Mwaka wa 1956, wakati wa Hali ya Hatari, Njuri Ncheke, ikishirikiana na maafisa wa mkoloni, ilipiga marufuku tohara ya wasichana Meru. Leo sote tunajua tohara hiyo ni madhara na ni kosa la jinai, na sina neno la kuitetea. Angalia tu namna marufuku ilivyoletwa. Hakuna aliyewauliza wasichana wala mama zao. Matokeo? Wasichana walinunua nyembe wakaenda msituni wakatahiriana wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Katika miaka mitatu hivi iliyofuata, zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa mahakamani. Amri ilikuwa na wazee, polisi na faini, na bado ilishindwa, maana waliohusika hawakuwa ndani ya chumba.

Mkataba wa mpaka ni hivyo hivyo. Wazee wa Tigania na wazee wa Isiolo wanaweza kukubaliana leo saa nane. Mama anayeuza nyanya Isiolo na mama Mborana anayeleta maziwa ya ngamia ndio watakaoonana kesho saa kumi na mbili asubuhi. Wao ndio wa kwanza kujua kama mkataba umeshika. Bei ikibadilika ghafla, mteja akiacha kusalimia, vijana wakianza kununua vitu visivyo vya kawaida, mama wa soko anajua kabla ya polisi. Tumeweka mlinzi kwenye lango la nyuma, halafu hatumuulizi ameona nini.

Najua mtasema nini

Mtasema mila zetu haziruhusu mwanamke kukaa na wazee. Wasomali wa Wajir nao walikuwa na mila hiyo, tena kali. Akina Dekha hawakuivunja kwa mateke. Waliwapa wazee heshima yao, wakawaachia wazee kutoa azimio, lakini wakahakikisha maandalizi, habari na ufuatiliaji viko mikononi mwa wengi. Mila haikufa, ila ilipata macho zaidi.

Mtasema tayari kuna wanawake kwenye kamati. Ni kweli, katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuteuliwa. Na serikali hata ilizindua mpango wa taifa, Machi 2016, kutekeleza azimio la Umoja wa Mataifa nambari 1325 la mwaka 2000, ikaupa jina la Kiswahili: *Kuhusisha Wanawake Kudumisha Amani*. Jina tamu. Lakini vikao ambavyo nimehudhuria mimi mwenyewe nimeona mama watatu wameketi nyuma, wakitajwa mwishoni kwenye maneno ya shukrani. Kuhusishwa siyo kuhesabiwa.

Kuna atakayesema amani ya Wajir haikudumu, kwamba vurugu zimerudi mara kadhaa. Zimerudi, ndiyo. Koo zimegombana tena, na Al-Shabaab wameleta ubaya wa aina nyingine kabisa. Lakini daktari akitibu malaria leo, ukaugua tena baada ya miaka kumi, husemi dawa ilikuwa ya uongo. Dekha mwenyewe alilichukulia hili jambo kama kazi isiyo na siku ya kumaliza. Ndiyo maana kamati ya soko ilikuwa ya kila siku.

Ninachoomba

Sitaki sanamu. Sanamu tunazo, na njiwa wanazitumia vizuri. Naomba vitu vitatu vidogo.

Kwanza, walimu wa historia wa Meru, Tharaka Nithi na Embu, mkifundisha usuluhishi wa migogoro, msiishie kwa Annan. Dakika kumi za Wajir 1993 zinatosha kumfanya msichana wa kidato cha pili akae wima.

Pili, akina mama wa masoko ya mpakani, wa kwetu na wa Isiolo, wapewe kamati yao ya pamoja yenye namba ya simu inayoshikwa. Si semina ya hoteli. Kamati ya kuangalia soko kila siku, kama ile ya kwanza kabisa.

Tatu ni yako wewe unayesoma. Nenda kwa chifu wako, muulize kwa heshima majina ya kamati ya amani ya eneo lenu. Hesabu wanawake. Kisha uliza swali la pili, ambalo ndilo hasa: mara ya mwisho kulipokuwa na taharuki, nani kati yao alipigiwa simu kwanza?